Kabla ya kuongeza kasi ya prosesa, ondoa joto kwanza

Kama kompyuta ndiyo inayokulisha, unaujua uchungu wa kusubiri. Umemaliza kuhariri video ya harusi, mwenye harusi amesema atapita jioni akitoka kazini, na mashine inakuonyesha kwamba bado saa mbili. Au uko katika duka la fotokopi karibu na gare ya Kimironko, foleni imefika mlangoni, na faili la mteja linafunguka kwa mwendo wa kinyonga. Ndipo rafiki anakuambia: "Usinunue kompyuta nyingine. Ongeza tu kasi ya prosesa. Nimeona kwenye YouTube, ni dakika tano."

Inawezekana, na haidai hela ya programu yoyote. Mafundi wanaiita kuovakloki. Lakini kwa mtu ambaye mashine yake ni moja tu, aliyoinunua kwa akiba ya miezi mingi au kwa mkopo wa kikundi, dakika tano hizo zinaweza kumla kodi ya nyumba. Awe mkimbizi au mwenyeji, mashine ikiungua hakuna anayemlipa: Intel na AMD zote mbili zinasema wazi kwamba dhamana yao haihusu uharibifu unaotokana na kuovakloki, na kompyuta nyingi tunazonunua hapa ni za mkono wa pili, hazina dhamana ya mtu yeyote.

Makala hii inakueleza mashine gani inakubali na ipi haikubali, na jinsi ya kuifanya kazi hiyo bila kuharibu kitu. Utaona pia kwamba sehemu kubwa ya kazi iko kwenye feni na vumbi kuliko kwenye namba za kasi.

Kasi ni nini, na joto linatoka wapi

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama vile mpiga ngoma anavyowapa wachezaji mwendo. Prosesa ya gigahezi 3.1 hupiga mapigo bilioni 3.1 kwa sekunde moja. Kiwanda huchagua mwendo ambao kila prosesa ya aina ile itauweza, hata iliyo dhaifu kuliko zote, hata ikiwekwa kwenye chumba chenye joto. Kwa hiyo nyingi hubakiwa na nafasi kidogo juu ya namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kuovakloki ni kuichukua nafasi hiyo.

Si jambo jipya, na tangu zamani limekuwa la watu wenye hela ndogo. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Watu wakagundua kwamba ukibadili mwendo wa ubao kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa ile inakwenda megahezi 450 na kushindana na za bei ya juu. Mwaka 2014 Intel yenyewe ikatoa Pentium G3258 ya gigahezi 3.2, ikiwa imefunguliwa makusudi ili watu waipandishe. Kisha AMD wakaja na Ryzen 3 1200 mwaka 2017, Ryzen 3 2200G mwaka 2018 na Athlon 3000G mwaka 2019, zote za bei ya chini na zote zinakubali kupandishwa. Hizi ndizo tunazozizungumzia hapa, si zile za bei ya pikipiki.

Tatizo ni kwamba ukiongeza mapigo, mara nyingi prosesa huomba na volti zaidi ili isikosee hesabu. Joto hupanda sawasawa na kasi, lakini kwa upande wa volti hupanda kwa mraba wake. Chukua mfano. Prosesa iko gigahezi 3.5 kwa volti 1.2, nawe umeipandisha hadi gigahezi 3.9 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 11 hivi. Sasa gawanya 1.35 kwa 1.2, unapata 1.125. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, unapata karibu 1.27. Zidisha tena kwa 1.11 ya kasi, unapata 1.41. Umeongeza kasi asilimia 11, umelipa kwa joto asilimia 41. Ikumbuke hesabu hiyo kila mara mtu anapokuambia "ongeza volti kidogo tu".

Prosesa za leo zina kinga. Zikifika kikomo chao, ambacho kwa Ryzen za mwanzo ni nyuzi 95, hujipunguza kasi zenyewe, na joto likizidi hapo mashine huzimika. Kwa sababu hiyo prosesa yenyewe haiungui kirahisi kama watu wanavyoogopa. Lakini ona maana yake ya pili: mashine iliyojaa vumbi huwa imeshajipunguza kasi kimyakimya, kila siku, kabla hujagusa chochote. Mwenyewe anatafuta gigahezi za ziada wakati hata zile alizozinunua hazipati.

Je, mashine yako inakubali?

Hapa wengi watakata tamaa, na ni afadhali wakate tamaa mapema. Kama kompyuta yako ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk au ProDesk, au Lenovo ThinkCentre, yaani zile zilizotumika ofisini huko nje kisha zikaletwa kuuzwa huku, sahau kuovakloki. Bayosi zake zimefungwa na kiwanda. Laptopu nayo usiijaribu kabisa. Haina nafasi ya kutolea joto. Wenye mashine hizi wasiache kusoma, kwa sababu sehemu ya kusafisha hapa chini ni yao kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Mashine inayokubali kwa kawaida ni ile iliyounganishwa na fundi kipande kwa kipande. Pakua programu ya bure inayoitwa CPU-Z. Itakusomea jina la prosesa na la ubao bila kufungua kasha. Kwa Intel, tafuta herufi K mwishoni mwa jina: i5-6600K inapandishwa, i5-6500 haipandishwi. Na ubao wake uwe wa aina inayoanza na Z, kama Z97 au Z170. Kwa AMD karibu Ryzen zote za mezani ziko wazi, lakini ubao uwe wa B350, B450, B550 au wa herufi X. Ubao wa A320 au A520, ambao ndio wa bei ya chini kabisa, haukuruhusu.

Kabla ya hapo, jiulize kama kweli prosesa ndiyo inayokuchelewesha. Siku mashine ikiwa nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie namba zinazotokea. Kama prosesa iko kwenye asilimia 100 wakati unatoa video, basi ndiyo tatizo. Kama diski ndiyo iliyofika 100 huku prosesa iko 20, unaweza kupandisha kasi hadi asubuhi na faili litafunguka kwa mwendo ule ule. Mashine yenye diski ya zamani inayozunguka na RAM ya giga 4 inahitaji SSD na RAM. Ukiwa na hela kidogo ya kuchagua kimoja, nunua SSD. Kwa kazi za barua, fotokopi na kujaza maombi ya Irembo, hakuna ovakloki inayoikaribia.

Hewa ya Kigali na vumbi la Kimironko

Watu husema Kigali ni baridi, kwa hiyo kompyuta haipati joto. Ni nusu ya ukweli. Mchana wetu mara nyingi ni nyuzi 26 hadi 28, nafuu kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Lakini mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi, karibu asilimia 15 pungufu kuliko ya pwani. Feni inayozunguka mizunguko ile ile inasukuma hewa pungufu, na hewa pungufu inabeba joto pungufu. Kwa hiyo nyuzi unazoziona kwenye video ya mtu aliyeko karibu na bahari, mwenye kipoza kama chako na chumba chenye joto kama lako, usitegemee kuzipata zile zile hapa.

Ndugu zetu wa Mahama wana mzigo wa ziada, maana Kirehe ni joto kuliko Kigali na bati la nyumba linaongeza lake. Kiziba, kwenye vilima vya Karongi, hali ni nafuu.

Kisha kuna vumbi. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua ikikata, lile vumbi jekundu linaingia kila mahali. Duka linalotazama barabara linalipata kutoka kwa kila moto inayopita, na aliye karibu na mafundi cherehani wa sokoni anapata na nyuzi za vitambaa. Nimewahi kufungua mashine ya duka moja nikakuta mapezi ya kipoza yamezibwa na kitu kama kipande cha blanketi, kigumu kiasi cha kukitoa kwa vidole. Mwenyewe alikuwa ameniita nimuongezee kasi. Tulikitoa, tukabadilisha pesti, na mashine iliyokuwa ikizima kila alasiri ikaacha kuzima. Kasi hatukuigusa.

Kusafisha na kupoza

Zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kwa mkono kabla ya kugusa kitu kingine, ili umeme tuli wa mwilini mwako uende hapo. Fanyia kazi mezani, usifanyie juu ya zulia wala blanketi.

Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi na kipulizi. Unapopuliza, shika mapanga ya feni yasizunguke; feni inayozungushwa kwa upepo mkali huharibika mhimili wake. Pawasaplai, lile boksi linalopokea waya wa ukutani, lipulize kwa nje tu. Usilifungue hata kama video imekuonyesha mtu analifungua. Ndani yake kuna vihifadhi umeme vinavyoweza kukupiga hata waya ukiwa umechomolewa muda mrefu.

Sasa pesti. Kati ya prosesa na kipoza kuna mafuta mazito ya kijivu au meupe yanayopitisha joto. Baada ya miaka hukauka na kuwa kama chokaa. Hapa kuna hatari moja ambayo mafundi vijana hujifunza kwa kulia. Kwenye Ryzen za AM4, zile nilizozitaja juu, prosesa ina vijipini chini yake, na pesti iliyokauka huigandisha kwenye kipoza. Ukivuta kipoza kwa nguvu, prosesa inatoka nayo hata kama imefungwa, na vijipini vinapinda. Kwa hiyo kabla ya kuzima mashine, ifanyishe kazi nzito dakika kumi ili pesti ilainike. Kisha zima, fungua skrubu, zungusha kipoza taratibu kushoto na kulia mpaka kiachie, ndipo uinue. Kwenye Intel za kawaida vijipini viko upande wa ubao. Huko hatari ni kudondosha kitu ndani ya soketi.

Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alikoli ya duka la dawa, ile isiyo na manukato wala mafuta. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati ya prosesa, kisha shusha kipoza kwa mkono ulionyooka. Skrubu zikaze kwa kuvuka: moja, halafu ya pembe ya mbali, kidogo kidogo, mpaka zote zikae. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, kipoza kinakaa mshazari na joto halipiti vizuri. Dawa ya meno si pesti. Tunasema hivyo kwa sababu kuna wanaoijaribu. Inakauka baada ya siku chache.

Kama nia yako ni kuovakloki, angalia kipoza ulicho nacho. Kile kidogo cha AMD kilichokuja na Ryzen 3 kinatosha kwa kasi ya kiwandani na kwa kupandisha kidogo bila kugusa volti. Ukitaka zaidi ya hapo, tafuta kipoza cha mnara chenye mirija ya shaba na feni ya sentimita 12. Kabla ya kulipa hakikisha kinakuja na vyuma vya kukifunga kwenye ubao wako, na kwamba urefu wake unaingia kwenye kasha. Cha mkono wa pili hakina ubaya: kizungushe feni kwa kidole, kama inazunguka bila kukwaruza na haichezi upande, chukua.

Kasha nalo lipumue. Feni ya mbele iingize hewa, ya nyuma iitoe. Kwenye ubavu wa feni mara nyingi kuna mshale mdogo unaoonyesha upepo unakoelekea, na nimeona makasha mengi ambayo feni zote mbili zinatoa au zote zinaingiza. Weka mashine juu ya meza au tofali, sentimita kumi na zaidi kutoka ukutani, isiwe chini ya kitanda wala nyuma ya pazia. Katika chumba kimoja ambacho familia inalala na kufanya kazi humo humo, hilo ni jambo la usalama wa watoto pia.

Kupandisha kasi, hatua kwa hatua

Nakili faili zako kwanza, hasa za wateja, kwenye diski ya nje. Prosesa iliyopandishwa vibaya haikosei kwa kuzima tu. Inaweza kukosea hesabu na kuandika faili lililoharibika bila kukuambia. Video ya harusi hairudiwi.

Kisha pima hali ya sasa. HWiNFO, ambayo ni bure, itakuonyesha nyuzi za prosesa. Endesha Cinebench au OCCT kwa nusu saa, andika nyuzi za juu kabisa na alama ulizopata. Fanya hivyo saa nane mchana, chumba kikiwa na joto lake la kweli. Anayepima saa kumi na mbili asubuhi anajidanganya mwenyewe. Kama kwa kasi ya kiwandani tayari umepita nyuzi 80, simama hapo. Rudi kwenye feni.

Ukiwa chini ya hapo, ingia kwenye Bayosi. Mara nyingi ni kwa kubonyeza Del wakati mashine inawaka. Tafuta kizidishi, ile namba inayozidishwa kwa megahezi 100 kupata kasi: 31 ni gigahezi 3.1. Panda hatua moja, yaani megahezi 100, volti ukiiacha ilivyo. Angalia tu kwamba Bayosi yenyewe haijaipandisha volti kwa siri, maana baadhi ya bodi hufanya hivyo zikiachwa zijiamulie. Hifadhi, washa, pima dakika kumi. Ikitulia, panda hatua nyingine.

Itafika mahali mashine itaganda, itaonyesha skrini ya buluu, au itajiwasha upya. Huo ndio ukingo wa prosesa yako kwa volti ile, na prosesa mbili za jina moja hazina ukingo mmoja. Rudi nyuma hatua moja, au mbili. Ushauri wetu kwa mtu wa kazi ni akae hapo. Wengi hupata sehemu nzuri ya faida kabla ya kugusa volti.

Ukiamua kugusa volti, ipandishe kwa hatua ndogo, 0.025 kila mara. Kwa Ryzen za mwaka 2017, AMD wenyewe walishauri isizidi 1.35 kwa matumizi ya kila siku, wakasema hadi 1.45 prosesa inaweza kwenda lakini umri wake unaweza kupungua. Sisi tunasema 1.35 iwe dari, si lengo. Na kwa nyuzi, lenga chini ya 80 wakati wa kipimo kizito. Ikigusa 85, shuka. Ryzen 3 1200 nyingi hufika gigahezi 3.8 hivi zikiwa na kipoza kizuri. Kutoka 3.1 hadi 3.8 ni asilimia 22 na ushee: video iliyochukua dakika 120 ingechukua dakika 98, na hiyo ni kwa hesabu ya juu kabisa, kama hakuna kingine kinachoichelewesha.

Ukimaliza, usiikabidhi mashine kazi ya mteja usiku ule ule. Iache ipime saa moja au mbili, kisha toa video ya zamani uliyonayo na uitazame mpaka mwisho.

Mashine ikikataa kuwaka kabisa, usipagawe. Chomoa umeme, toa ile betri ya duara kwenye ubao, aina ya CR2032, subiri dakika tano, irudishe. Mipangilio yote itarudi ya kiwandani. Betri hiyo hiyo, ikiwa imekufa, ndiyo inayosababisha wengine walalamike kwamba kila umeme ukikatika ovakloki inapotea na tarehe inarudi miaka ya nyuma. Inauzwa kwa bei ndogo. Badilisha kabla ya kuanza.

Jambo moja lenye hatari kuliko yote: usibadilishe toleo la Bayosi wakati wa mvua za alasiri bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao unaweza kufa palepale, na hapo betri haisaidii. Kama ovakloki inafanya kazi na toleo ulilonalo, liache.

Umeme, na wale mnaoishi kipangu kimoja

Tuseme umeongeza wati 40. Kwa saa nane kwa siku, siku 26 za mwezi, hizo ni yuniti 8 na kidogo za Cash Power. Kwa nyumba za kuishi, bei ya yuniti hupanda kadiri matumizi ya mwezi yanavyopanda. Wapangaji wanaochangia mita moja wataliona hilo, na ugomvi wa umeme ni ugomvi wa kila mwezi. Zungumza nao kabla, au ongeza kidogo kwenye mchango wako. Mwenye nyumba akikuuliza kwa nini mita inakimbia, ni bora awe ameshaambiwa.

Pawasaplai ya bei rahisi iliyoandikwa wati 500 mara nyingi haifiki hapo kwa kweli. Ikinuka, ikilia, au ikichemka kiasi cha kushindwa kuigusa, ovakloki isubiri hadi uibadilishe. Angalia na adapta ya plagi. Wengi wetu tuna waya wa pini tatu bapa uliotoka Uganda au Kenya, na soketi za hapa ni za pini za duara. Adapta iliyolegea hutoa cheche na kuchemka, na wengi huilaumu kompyuta.

Kuna na njia ya upande wa pili ambayo haisifiwi sana. Kwenye bodi hizi hizi unaweza kuiacha kasi ilipo na kupunguza volti kidogo kidogo, 0.025 kila mara, ukipima vile vile. Mashine inafanya kazi ile ile kwa joto pungufu, kelele pungufu na yuniti pungufu. Kwa duka la fotokopi mimi ningechagua hii.

Kama kompyuta si yako, yaani ni ya kikundi, ya kanisa, ya shule au ya mradi, usiiovakloki bila ruhusa ya maandishi, hata kama wewe ndiye fundi wao. Kuisafisha ni sawa. Na vipande vilivyokufa usivitupe jalalani wala usivichome kutafuta shaba, moshi wake ni sumu. Kuna kiwanda cha kuchakata taka za elektroniki huko Bugesera kinachoendeshwa na Enviroserve Rwanda.

Ukishapata mipangilio inayotulia, iandike kwenye karatasi: kizidishi, volti, nyuzi za juu ulizoziona, na tarehe uliyobadilisha pesti. Ibandike ndani ya mfuniko wa kasha. Siku utakapoiuza mashine, au fundi mwingine atakapoifungua wewe ukiwa umesafiri, ataijua historia yake bila kubahatisha. Na Agosti ikifika, kabla ya mvua kuanza, fungua tena utoe vumbi.